Mahari ya Watu Watatu

Jamani, aibu hii ninayo tangu Iddi na haijapungua hata kidogo, na kwa kuwa wengi wenu mlishaiona kwenye simu za watu (ile video ya jamaa mwenye shati la njano anayetetemeka na kipaza sauti, ndiyo, ni mimi), heri niisimulie mwenyewe, maana walioisambaza walikata pale watu walipokuwa wanacheka, na yaliyofuata hayachekeshi.

Mimi naitwa Musa, nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Namatala, Mbale, kubeba magunia na kufagia pumba, na mchana sisi sote wa mashine tunakula kwa Mama Zaituni ng'ambo ya barabara, posho, yaani ugali, na maharagwe, siku ya bahati na samaki. Huyu mama sijawahi kumwona amekaa akala. Anakula amesimama, mwiko mkononi, anamkaripia huyu, anamwongezea yule, akimaliza anaosha sahani zetu zote. Binti yake Zaituni anashona nguo pale pale barazani, na kuhusu Zaituni sitasema mengi, ila kwamba kwenye lile benchi nilikuwa nakaa upande ambao cherehani yake inaonekana, hata kama ndio upande wa jua.

Sasa mimi ni mtu wa ndoto (kazini wananiita Waziri wa Mipango), basi nikapanga kwamba siku ya pili ya Iddi nitawapeleka Mama na Zaituni mpaka Jinja, kwenye ile bustani ya michezo yenye mabembea na gurudumu kubwa linalopandisha watu juu, ambayo ndani yake kuna mgahawa wa kukaa, si wa kununua chipsi kwenye mfuko ukala umesimama, bali meza imetandikwa kitambaa na mtu anakuja kukuuliza unataka nini na wewe umekaa. Nilitaka Mama aulizwe anataka nini. Hiyo tu. (Sawa, na nilitaka pia, tukiwa juu kwenye gurudumu na Mama yuko chini, nimwambie Zaituni jambo fulani, lakini hilo nilikuwa bado nalifanyia mazoezi.)

Nikaambiwa Iddi watu ni wengi, piga simu uwekewe nafasi. Nikapiga. Laiti ningeenda tu kama watu wengine tukasubiri mlangoni! Aliyepokea alikuwa dada Mkenya, Kiswahili chake kimenyooka, na mimi mbele ya Kiswahili kama kile huwa najikaza nionekane nimesoma. Na mnaujua ulimi wetu sisi watu wa Mbale, l na r kwetu ni mtu mmoja, na ngeli ndiyo kabisa, zile za "pa" na "ku" tuliziacha darasani siku ada ilipokwisha. Nilitaka kusema mahali pazuri. Nikasema:

"Dada, nataka mahari nzuri, ya heshima."

Akauliza, "Mahari?"

"Eeh, mahari. Ya binti na mama yake."

"Ala! Hongera sana, kaka! Mtakuja wangapi?"

"Watatu tu."

"Watatu tu? Wazee hawaji?"

"Wazee wa nini, dada? Mama anatosha."

"Haya, tutawaandalia vizuri. Binti anaitwa nani?"

Nikamwambia Zaituni, wa Mbale, nikakata simu nimefurahi, nikasema kumbe ndivyo mahoteli makubwa yalivyo, wanampongeza mtu kwa kutaka kukaa.

Siku ilipofika Mama alivaa gomesi ya zambarau na mtandio mpya, Zaituni gauni alilolishona mwenyewe, mimi lile shati. Tulipoingia bustanini watoto walikuwa wanapiga mayowe kwenye mabembea, na Mama akasimama akalitazama gurudumu muda mrefu, akauliza, "Sasa hawa wakishazungushwa hivyo, wakishuka wamefika wapi?" Zaituni akacheka mpaka akanishika bega, na mimi lile bega nikalibeba kwa uangalifu mpaka mlangoni mwa mgahawa.

"Karibuni! Ndio ninyi wa mahari?" akauliza dada wa mapokezi.

"Ndiyo, wa mahari," nikajibu, kifua mbele. Mama na Zaituni hawakushtuka, wao wamenizoea, kwangu mahali ni mahari tangu wanijue.

Tukapelekwa katikati kabisa. Meza ina maua, viti vimefungwa utepe mwekundu, chini mkeka mpya, na pembeni kikapu cha matunda kimezungushiwa karatasi inayong'aa. Mama akakigusa kitambaa cha meza kwa kidole kimoja. "Hiki nani atakifua?" Kijana wa kuhudumu akaja, akainama, akasema, "Mama, ungependa nini leo?" Na Mama, mtu wa kupika tangu nimjue, akamjibu, "Nini kimebaki?"

Yule kijana akacheka akidhani ni utani. Mimi nikatazama maua.

Tukaletewa pilau. Mama akaonja, akasema mchele huu si wa Namatala, umekatikakatika, lakini nikaona anakula, tena taratibu, mgongo umeegemea kiti. Hapo Zaituni akaniinamia. "Musa, mbona meza za wenzetu hazina maua?"

Ningeinuka nikaulize. Hatua chache tu mpaka mapokezi. Lakini mtu aliyeleta wageni wake hoteli hataki kuonekana hajui mambo ya hoteli, nikamwambia, "Sisi tulipiga simu. Wao hawakupiga."

Muziki ukazimwa. Akatokea jamaa wa koti linalometameta, kipaza sauti mdomoni. "Mabibi na mabwana, Iddi ya leo imejibu! Kuna kijana ametoka Mbale, amepata jiko! Jina lake Zaituni! Amekuja naye, amekuja na mama mzaa chema, na hapa hapa mbele yenu analeta mahari!"

Vigelegele vikapigwa kila upande, watu wakasimama juu ya viti, simu zikainuliwa, na mimi ndipo nikaelewa yule dada alisikia nini. Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwangu. Mama amefungua mdomo, wali uko kwenye kijiko.

"Jamani, hapana," nikasema, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye maspika kubwa kuliko mimi, "mimi niliomba mahari tu! Mahari ya kukaa!"

Watu wakapasuka. Mzee mmoja wa meza ya jirani akapiga meza kwa kofi. "Mahari ya kukaa! Huyu anataka kuhamia kwa mkwe!"

"Si hivyo, mzee wangu, nasema ma-ha-ri!"

"Tumekusikia, bwana harusi! Toa sasa!"

Nikajaribu tena, ulimi ukakataa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuoa. Yule wa koti akaninyang'anya kipaza sauti akampelekea Zaituni. "Binti, watu wanakusikiliza. Umekubali, hujakubali?"

Pakawa kimya mpaka tukawa tunasikia mayowe ya watoto kule nje. Zaituni akanitazama. Mimi nilikuwa bado nimeshika uma, na mkono ulikuwa unatetemeka hivi kwamba uma unagonga sahani, ti ti ti ti, mgahawa mzima unasikia.

"Nimekubali," akasema.

Sasa nitawaambia ukweli ambao kwenye video haupo: nilifurahi. Nilisahau kabisa kwamba ni makosa. Mama akajifunika uso kwa mtandio, analia, anasema Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, kisha akatoa nyama kwenye sahani yake akaiweka kwenye yangu. Na mimi nikaila. Nilikula pilau ile kama mtu aliyeonjeshwa maisha ya mwingine, na kabla sijamaliza sahani nilikuwa nimeshapanga chumba upande wa Wanale, nimenunua cherehani ya pili, na mtoto wa kwanza nimeshampa jina.

Mama akatoka kwenda kuswali na kumpigia simu dada yake wa Wanale. Tukabaki wawili na kikapu cha matunda.

"Musa."

"Naam."

"Ulikuwa unatetemeka."

"Ni kile kipaza sauti."

"Najua. Ndiyo maana nikasema vile. Watu wote wale, simu zote zile, ningekataa ungeanguka pale pale." Akaizungusha glasi yake. "Lakini unajua kukubali kule kulikuwa kwa ajili ya watu, si ndiyo? Wewe kwangu ni kaka. Kaka kabisa."

"Najua," nikasema. (Sikujua.) "Hata mimi, ni makosa ya simu tu. Nilitaka mahari ya kukaa."

Akacheka kidogo na macho yamejaa maji. "Sasa Mama je? Umeona alivyofurahi? Nikimwambia nimekataa hatanielewa, atanibana usiku na mchana mpaka nikubali kweli. Yeye anakupenda kuliko anavyonipenda mimi."

"Usimwambie kitu," nikasema. "Nitamwambia mimi."

Mama akarudi uso unang'aa, simu bado mkononi. "Wanale nzima wanajua! Dada yangu amepiga vigelegele mpaka kuku wameruka!" Nikamwomba tutoke nje kidogo, tukakaa kwenye benchi chini ya gurudumu, Zaituni akabaki mbali anajifanya anaangalia watoto.

"Mama, yule dada wa simu alinisikia vibaya. Sikuleta mahari. Nilitaka mahali." Sijui l ile ilitoka wapi, ilitoka safi kabisa, wakati hainisaidii tena.

Mama akaiweka simu mapajani. Kisha akasema, "Sawa, makosa. Lakini Zaituni amekubali. Makosa mengine Mungu anayaleta yeye."

"Zaituni amekubali, Mama. Mimi ndiye siko tayari."

"Huko tayari, au humtaki?"

Pale ndipo penyewe. Nikisema namtaka, Mama atakwenda kumshikilia Zaituni mpaka aolewe kwa kuchoka. Gurudumu lilikuwa linapita juu yetu, watu wanacheka kule juu.

"Simtaki hivyo, Mama."

Alinitazama kama mtu anayetafuta yule anayemjua yuko wapi ndani ya ile sura. "Kwa hiyo binti yangu amesimama mbele ya watu wote akasema ndiyo," akasema polepole, "na wewe unamkataa kwenye benchi."

Akasimama, akakung'uta gomesi yake. "Twende. Nina maharagwe ya kuloweka."

Gurudumu hatukupanda. Kikapu tulikiacha.

Tulipofika Mbale video ilikuwa imetutangulia. Kesho yake pale mashineni msimamizi wetu alinipigia saluti, "Afande bwana harusi! Mahari ya kukaa umeipata, au bado umesimama?" na wenzangu wakalala juu ya magunia kwa kicheko, na mimi nikacheka pamoja nao, nifanyeje. Mchana nilivuka barabara kama kawaida. Mama alinipakulia mimi wa kwanza, haraka, sahani imejaa, na nilielewa ni ili nimalize niondoke. Sasa nakula chapati kwa jamaa wa karibu na daraja. Zaituni alinifuata siku moja, akasema, "Musa, mwambie ukweli, anakusema vibaya kwa watu, na mimi najua sivyo," nikamwambia acha, atasahau. Hajasahau. Ameanza kumtafutia Zaituni mchumba kwa nguvu, ili nione.

Basi nimejiapiza. Simu ya kuweka meza sipigi tena, nikitaka kukaa nitafika kwa miguu yangu na kiti nitakionyesha kwa kidole. Na nikijaliwa kumpenda mtu mwingine (kwa sasa siwezi hata kuwaza), sitangoja Iddi wala gurudumu. Nitamwambia mapema, sisi wawili tu, kwa sauti ndogo, ili akitaka kunikataa anikatae bila kunionea huruma.