Mlimbuko wa Mti wa Kaka

Parachichi haliivi mtini. Hilo ndilo wanalolisahau wale ninaowasimulia, wakanipoza kwa kusema, "Ulikuwa msichana mdogo, njaa ilikuwa kali, ulichuma ukala." Sikuchuma nikala. Nilichuma, nikayafukia katika gunia la pumba za mpunga, nikangoja siku nne, kila asubuhi nikiyabinya kwa kidole gumba nione kama yamelainika. Siku nne zinamtosha mtu kujirudi. Mimi sikujirudi.

Mti ulikuwa wa kaka yangu. Kabla ya vita alifanya kazi ya jikoni kwa Mzungu mmoja Nyali, na siku moja akaja na kokwa mfukoni, akaipanda nyuma ya nyumba yetu hapo Kisauni. Ndiye aliyetueleza jinsi Wazungu wake walivyofungua kinywa asubuhi: mkate wa kuchoma, juu yake parachichi lililopondwa. Tulimcheka sana. Kisha akachukuliwa uaskari, akapelekwa Burma, akauacha mti umempita kimo kidogo tu.

Ulizaa mara ya kwanza akiwa hayupo. Mama alitoka uani, akautazama, akatuita mimi na wadogo zangu wawili wa kike.

"Mti huu una mwenyewe," akasema. "Aliyeupanda ndiye atakayelimbua, awe wa kwanza kula. Mtu akimtangulia, amemfungia njia ya kurudi kwao. Mumesikia?"

Tukasema tumesikia. Mama hakuwa mtu wa mizimu wala hirizi. Sala zake tano hazikumpita. Lakini baba alikuwa amekwisha kufa, na barua za kaka zilikuwa zimekatika tangu Ramadhani. Kilichobaki cha kushika kilikuwa ule mti, akaushika.

Mwaka huo chakula kilikuwa cha kutafuta kwa tochi. Mchele haupatikani, unga ni wa foleni. Shangazi yetu, dada ya baba, akaja na wanawe sita kutoka mashamba ya ndani ambako mvua iligoma kabisa. Tukabanana vyumba viwili. Hata wiki haijesha, mama akaitwa Mwakirunge kumuuguza dada yake. Aliniachia mambo mawili: niwatazame watoto, niutazame mti.

Shangazi alimfulia nguo mwoka mikate, akalipwa kwa boflo zilizolala siku mbili tatu, ngumu ajabu. Tulizichovya katika chai ya mkandaa isiyo na maziwa wala sukari, basi, mpaka kesho. Kitindamimba wake, wa miaka mitatu hivi, alikuwa akilia kutwa. Siku moja akaacha. Akakaa kizingitini akitutazama tu, na kunyamaza kule kukanitisha kuliko kilio. Alasiri ile ile nikaupanda mti upande wa ua wa jirani, kusikoonekana mlangoni, nikachuma kumi na mawili.

Siku ya tano, baada ya sala ya alfajiri, nikawasha seredani. Boflo iliyolala ukiitia motoni hivi hivi huungua nje na ndani ikabaki jiwe. Nikangoja makaa yavae jivu jeupe, nikavinyunyizia vipande maji kidogo, nikavilaza juu ya wavu. Vikaanza kunukia. Watoto wakatoka mmoja mmoja, hakuna aliyewaita. Nikayapasua maparachichi, nikayakomba kwa kijiko katika bakuli la udongo, nikayaponda kwa mwiko na chumvi, maji ya ndimu, na pilipili moja niliyoitoa mbegu kwa ajili ya wadogo. Sikuyaponda yakawa uji. Kaka alisema yabaki na vibonge, jino lipate cha kutafuna. Nikapaka mkate ungali moto.

Shangazi alikuwa akiitazama mikono yangu. Aliujua mti, na agizo la mama pia.

"Una hakika, mwanangu?"

"Kula, shangazi."

Akala. Yule mdogo alikula vipande vitatu, akajipaka mpaka kwenye nyusi, kisha akanicheka. Sitasema uongo, sijapata kufurahi jikoni kama asubuhi ile. Nami nilikula. Ningeweza kuwapa wao nikajizuia. Nilikula vipande viwili, na cha pili nilikipaka zaidi.

Makokwa na maganda nikayazika nyuma ya choo, na watoto nikawaapisha wasiseme.

Mama aliporudi hakuingia ndani kwanza. Alikwenda mtini na buibui lake mwilini.

"Yamepungua," akasema.

"Kima, mama. Wallahi, waliingia tukiwa kisimani."

Niliapa bila kuulizwa.

"Kima si mtu," akasema. "Kima hajalimbua."

Nikadhani yamekwisha. Kumbe ndipo yalipoanza. Kesho yake mama alitwaa debe tupu na kipande cha ukuti, akakaa chini ya mti kuwafukuza kima. Akimaliza kazi za nyumba, yuko pale, analigonga debe lake. Jua likimhama na kumrudia. Kima hawakuja kwa kuwa hawakuwako, na yeye kila jioni akashukuru kwamba leo tena hawakuthubutu. Niliposema nilinde mimi apumzike, alinijibu bila ubaya wowote, "Wewe walikupita." Mpaka leo nikisikia bati likigongwa mahali mwili hunisisimka.

Mvua ikanyesha, shangazi akarudi kwao na wanawe. Na kaka akarudi. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, sare ikimpwaya, kikohozi kikimtangulia. Mama alimshika uso, akamwachia, akaenda kuchuma. Aliyafukia katika gunia lile lile la pumba. Siku nne nilimwona akiyabinya kwa kidole gumba.

Nilichoma mkate mimi, mama akashika sahani. Majirani waliitwa. Kaka akatafuna, tukimtazama kinywa kama watu wanaosubiri hukumu.

"Alhamdulillahi," mama akasema, machozi yakimtoka. "Umelimbua mwenyewe."

Kisha wote wakala. Mimi nilisema tumbo linaniuma.

Mchana mmoja nilimkuta kaka peke yake juu ya jamvi, nikamwambia kila kitu: gunia, watoto, kima, debe. Nikadhani ananitafutia tusi.

"Walishiba?" akauliza.

"Walishiba."

"Basi. Mama usimwambie. Kabisa."

Nimemkasirikia miaka mingi kwa maneno yale. Alinisamehe, kisha akanifunga mdomo. Kifua chake kilizidi kuharibika, na mwezi wa pili tangu arudi haukwisha, tukamzika. Najua ni kifua. Najua tunda halimfuati mtu mpaka Burma. Lakini kuna saa za alfajiri, nikiwa nimesali na nyumba imetulia, ambapo nayajua haya yote na hayanisaidii kitu.

Wanawake walipokuja kumpa mama mkono wa tanzia, mama alimwambia kila mmoja jambo lile lile. "Alifika kwao. Akaulimbua mti wake kwa mkono wake, hakuna aliyemtangulia. Mungu alinipa hilo." Ndilo lililomkalisha wima. Shangazi, aliyekuwa amekuja mazikoni, aliinamisha macho kila liliposemwa, nami nikayakwepa yake.

Siku ya tatu ilikuwa ya hitima, na tangu asubuhi wasomaji walikuwa wamejaa ukumbini. Mama akasema wapewe mkate ule, mti sasa u wazi kwa kila mtu. Yaliyofukiwa gunioni tangu kabla ya msiba yalikuwa yameiva, nikawasha seredani. Nilichoma, nikaponda, nikapaka, sinia baada ya sinia, shangazi akizipeleka nje.

Sinia ya mwisho ilipojaa, mama akaingia jikoni. Hakuwa ameondoka juu ya mkeka wake tangu mazishi. Alichagua kipande, akakitia mkononi mwangu.

"Umewapikia wote, nawe hujaonja hata siku moja," akasema. "Ulimngoja ndugu yako. Nilikuona. Kula, mwanangu, sasa ni halali yako."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Mama alinishika kidevu, akangoja. Nikauma, nikatafuna, nikameza.

"Yakoje?"

"Matamu, mama," nikasema. "Sikujua kama ni matamu hivi."