Kochi Lililovaa Sweta

Sufu ikilowa inanuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Juzi binti yangu alirudi shuleni na mvua, akalitupa sweta lake juu ya kiti cha jikoni, na ile harufu ilipopanda tu, hasira yangu ya zamani ikaamka kabla hata sijamuuliza kama amekula. Mnivumilie. Ni mambo ya miaka ya tisini, na mtu mzima anatakiwa awe ameshasahau. Mimi sijasahau, na wala sijajaribu.

Tuliishi Kharumwa, mama, mimi na mdogo wangu Masele, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka. Baba alikuwa machimboni Nyarugusu, anatafuta dhahabu ambayo sisi nyumbani tuliisikia kwa jina tu. Nilikuwa darasa la tano, na shule yetu, jamani, ilijua kudai. Leo kila mtoto aje na fagio, kesho aje na kuni, keshokutwa kidumu cha maji ya kumwagilia bustani ambayo mchicha wake hatukuuonja hata siku moja. Tulizoea. Lakini siku Mwalimu Rehema, mwalimu wetu wa sayansi kimu, aliposema kila msichana aje na uzi wa sufu, hata sisi tuliozoea tulitazamana. Sufu, Kharumwa! Mahali ambapo kondoo wenyewe wana manyoya kama ya mbuzi!

"Asiye na uzi asiingie darasani," alisema. Halafu akaongeza maneno ambayo nayakumbuka kuliko sala zangu: "Msiogope, nikishasahihisha nitawarudishia."

Nyumbani kwetu sufu ilikuwa sehemu moja tu, kwenye sweta la Masele, la kijani, la mtumba, ambalo mama alilipata baada ya kuchambua rundo zima pale mnadani. Alilishika muda mrefu. Aliniuliza mara mbili kama kweli tutarudishiwa, nami mara zote mbili nikaapa. Basi akaifumua mikono yote miwili. Uzi ulitoka umejikunjakunja kama tambi, tukaufua, tukauanika na jiwe limefungwa kwenye ncha ili unyooke. Masele akabaki na sweta lisilo na mikono, tumbo mbele, anatambaa uwanjani kama diwani aliyevaa kizibao. Tulimcheka sana. Mama alisema uzi ukirudi mimi ndiye nitakayemfumia mikono mipya, kwa kuwa nitakuwa nimeshajua.

Na kweli nilijua. Hilo siwezi kumnyima mwalimu, alikuwa anafundisha vizuri, na ndiyo maana naumia zaidi. Sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli tulizozinoa kwenye jiwe. Alitufundisha kitanzi cha mbele, kinacholala laini, na kitanzi cha nyuma, kinachoacha vinundu. Kwa hivyo viwili tu, alisema, unaweza kuchora kitu bila rangi. Unafuma mraba wote kwa vinundu, halafu katikati unaanza na kitanzi kimoja laini, mstari unaofuata unakipanua huku na huku, unaendelea kupanua mpaka kinanenepa, kisha unakipunguza taratibu mpaka kinarudi kimoja. Ukigeuza macho unaona jani limeinuka juu ya kitambaa. Siku jani langu lilipotokea nililipapasa kwa kidole gumba mpaka kidole kikanuka chuma cha spoki. Karibu na ncha kulikuwa na tundu, kitanzi kilinitoroka, nikaona afadhali nikiache kuliko kufumua upya.

Nilipompelekea mama alicheka mpaka akakaa chini. "Hili jani la kunde," alisema. "Na wadudu wameshalionja!" Mama aliyajua majani ya kunde, kila mwaka alikuwa anayaanika kwa ajili ya nsansa, mboga yetu ya kiangazi. Sifa ile ilinitosha kuliko alama za mwalimu.

Miraba ilikusanywa. Wiki ikapita, na nyingine. Kipupwe kikaingia, upepo wa alfajiri ukawa unapenya mpaka kwenye mbavu, na Masele akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichomruhusu kunyonya. Mama akawa anamfunga kanga mikononi, na kila asubuhi ananiuliza, "Mwalimu amesemaje?" Nilimuuliza mwalimu. Alisema bado anasahihisha. Miraba yenyewe ingetosha kukaa juu ya dawati moja, lakini alikuwa bado anasahihisha!

Siku moja zamu ya kupeleka maji nyumbani kwa mwalimu ikawa yangu. Nilitua ndoo mlangoni, nikachungulia sebuleni, na pale, kwenye kochi lake la watu watatu, nikaiona miraba yetu. Yote. Imeunganishwa kwa uzi mweupe, imetandikwa kwenye mgongo wa kochi mpaka kwenye kikalio, nyekundu, bluu, kahawia, na katikati kabisa kijani chetu. Nililijua jani langu kwa lile tundu la wadudu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ile ilisitiri ya wageni wote wa Mwalimu Rehema. Mdogo wangu anakohoa, kochi limevaa mikono yake. Lile kochi lilikuwa na kifua gani cha kubanwa na baridi?

Nilimwambia mama nikiwa nalia kwa hasira. Jumamosi alioga, akavaa kanga zake za kanisani, akambeba Masele mgongoni, akaniambia twende. Moyo ulinidunda kwa furaha. Mama yangu hakuwa mtu wa kuonewa kirahisi, niliwahi kumsikia akimfukuza uwanjani dalali wa pamba kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Njia nzima nilikuwa nachagua lipi kati ya hayo atamrushia mwalimu.

Tulipofika, mama alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

Na yule binti, ambaye mama angeweza kumbeba mgongoni alipokuwa mdogo, akaitikia, "Marahaba. Karibu, Mama Kabula." Aliitikia bila hata kuona haya. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Nimefuata mikono ya sweta, mwalimu," mama alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mtoto anakohoa."

"Lakini si unaona vimeshaungwa? Nikitoa kimoja kitaharibika chote. Halafu hizo ni kazi za wanafunzi, ni mali ya shule."

"Sitahalibu. Natoa changu tu."

Hakusubiri ruhusa. Alisogea kwa magoti yaleyale mpaka kwenye kochi, akafungua pindo la kanga, akatoa wembe. Alikata uzi mweupe mshono mmoja mmoja, taratibu, Masele akikohoa mgongoni kwake. Mwalimu alisimama na kikombe chake cha chai, hakukinywa wala hakukiweka. Mraba ulipotoka, katikati ya kitambaa pakabaki shimo, na godoro la kochi likaonekana, la njano, limechakaa. Mama akainyoosha miraba ya watoto wengine kuzunguka lile shimo, akaipangusa kwa kiganja. Kisha akasema:

"Asante, mwalimu. Asante sana."

Akapiga goti tena, tukatoka.

Njiani nilimtangulia ili asiuone uso wangu. Mwishowe nilishindwa. "Mama, umemshukuru kwa nini? Uzi ni wetu! Yule ni mwizi!"

"Jumatatu unaenda shule," mama alisema, "au huendi?"

Niliona amekwepa swali. Mikono ya Masele niliifuma kwa siku chache, mmoja mrefu kuliko mwenzake, na wakati wote nilikuwa nimemnunia mama. Nilimwona mwoga. Mwalimu niliweza kumchukia bila kuchoka, lakini mama nilimwonea aibu, na aibu hiyo ilikaa nami miaka mingi.

Leo nina watoto wanaokaa kwenye madarasa ya watu wengine. Nimeshajikuta nikimchekea mwalimu asiyestahili kuchekewa, nikisema asante, asante sana, huku moyoni natukana. Mama hakuwa akimshukuru Mwalimu Rehema. Alikuwa ananilinda mimi. Wala kulielewa hilo hakunitulizi, kunanichoma zaidi, kwamba aliyenyang'anywa ndiye aliyepiga magoti, na aliyechukua ndiye aliyeitikia marahaba.

Jumatatu ile mwalimu aliingia darasani na fimbo, akaanza kuwachapa waliokuja bila kidumu cha maji. Mimi pia changu nilikuwa nimekisahau. Alifika kwenye dawati langu, akasimama, akanitazama, akapita.