Apolonia, Mtani Asiyejua Kabila Lake

"Wewe Mnyamwezi wa wapi, msiba umetufika na hujaja kututania?"

Ndivyo Bi Mauwa, jirani yake Mzaramo, alivyomuuliza Apolonia siku baba yake Mauwa alipofariki pale Temeke, mwaka wa 1928. Apolonia alikuwa amehamia hapo mwezi mmoja tu kabla, na mumewe Gaudens, fundi wa reli kutoka Tabora. Gaudens alikuwa Mnyamwezi kweli. Apolonia mwenyewe hakujua yeye ni nani. Mapadri walimwokota njiani akiwa na miaka kama minne, ameachwa na msafara wa watumwa, hasemi neno. Wakamlea, wakambatiza. Kinyamwezi alikijua kwa sababu ndicho walichosema watoto wenzake wa misheni.

Sasa, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na msiba bila mtani haujatimia. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza, kuwachekesha wafiwa mpaka wapate nguvu ya kula. Mtu baki akifanya hivyo, amemtukana maiti.

Apolonia angeweza kusema ukweli. Lakini kusimama mbele za watu na kutamka kwamba hana kwao kulimshinda. Akachukua kofia ya mzee, akaiweka upande, akajikongoja uani akigomba kwamba chai imepoa. Alikuwa amemwona mzee yule kwa mwezi mmoja tu, ila alimwona vizuri. Mauwa alicheka mpaka akakaa chini.

Basi tangu hapo hakupumzika. Kila msiba wa Wazaramo wa mtaa ule aliitwa yeye. Na kila mara, kabla ya kutoka, alipiga magoti akamwomba Mungu amsamehe uongo wake, halafu akaenda kuufanya tena.

Miaka ishirini ikapita hivyo, akafariki Mauwa mwenyewe.

Apolonia alilia peke yake jikoni, akanawa uso, akajifunga kanga ya shoga yake. Akatoka uani, mkono kiunoni, akiwakaripia kuku wa Mauwa mmoja mmoja kwa jina. Wanawake wameanza kucheka, mara akainuka Avelina, mgeni aliyefika majuzi kutoka Tabora.

"Haya makubwa! Huyu si Mnyamwezi. Tumelelewa misheni moja, namjua. Aliokotwa huyu! Utani kaupata wapi?"

Kicheko kikakatika. Apolonia akaanza kuifungua ile kanga. Shoga yake alikuwa bado yumo ndani, hajatolewa, na Apolonia ameshamtukana. Na si yeye tu. Wafu wao wote wa miaka ishirini.

Sadallah, mdogo wake Mauwa, akaja kutoka kwenye mikeka ya wanaume. Watu walijua anakuja kumfukuza.

"Baba yangu alizikwa na mtani," alisema. "Nilikuwepo. Kama huyu si mtani, niambieni, baba yangu alitaniwa na nani?"

Sadallah akainama jikoni, akachota majivu, akampaka Apolonia uso mzima, kama watani wanavyolipizana.

"Nani kakuruhusu uvue hiyo kanga? Mnyamwezi mvivu we! Kazi hujafika nusu, unawahi wali wetu!"

"Wali gani?" Sauti ilimtoka Apolonia kabla hajaitafuta. "Nyie Wazaramo mna wali? Mie nimekuja na muhogo wangu!"

Uani kukalipuka kicheko, na Avelina naye akacheka. Apolonia alisimama katikati yao, majivu yakichirizika na machozi, mwili ukimsisimka kama mtu aliyeguswa na Mungu. Miaka yote ile aliomba kusamehewa. Kumbe Mungu alikuwa anampa ndugu, msiba kwa msiba, naye hakuona.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, alimfuata Sadallah barazani, uso bado haujanawa.

"Bwana Sadallah, nina ombi. Siku yangu ikifika, padri atanisalia, hilo najua. Lakini na nyie mje. Mvae nguo zangu, mniigize, mcheke. Msiache nizikwe kimya."