Mama wa Nyumbani Aliyekaukiwa Sauti

Juzi nilikaa kwenye benchi la zahanati hapa Kibiti, nangoja dawa ya goti. Mbele yangu walikuwepo mume na mke. Mke sauti imemkauka kabisa, akifungua mdomo inatoka pumzi tupu, basi mume ndiye anayemjibia nesi.

"Kazi yake?" nesi akauliza.

"Hana kazi huyu. Mama wa nyumbani."

"Na sauti kaipotezaje?"

"Si hawa ndege, dada! Mpunga wangu unaiva, anashinda shambani juu ya dungu kuwapigia kelele. Asubuhi mpaka jioni."

Nesi akaacha kuandika. Akamtazama mke, akamtazama mume. "Haya. Dawa yake kubwa ni kunyamaza. Wiki nzima asipige kelele, la sivyo sauti hairudi."

Mume akashika kiuno. "Wiki nzima? Na ndege atawaamia nani, nani atawafukuza? Mpunga wote si utaliwa?"

Mke akamgusa mumewe kifuani kwa kidole kimoja, kisha akajitanda kanga yake vizuri, akatulia.

Nikamwambia yule bwana, "Usihofu, mwanangu. Kama yeye alikuwa hana kazi, na wewe hutachoka."

Bwana alikuwa ameshaanza kukohoa, anajaribu koo lake.

Nina vitukuu sasa, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona asiye na kazi anapewa mapumziko, na shamba zima linabaki bila mtu.