Moshi wa Alhamisi

Nikisikia harufu ya udi, hata leo, kwanza huangalia mlango uko wapi. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa na kuta nene na dirisha moja la kuelekea kichochoroni, na kila Alhamisi jioni bibi yetu aliwasha chetezo, akafukiza nguo, mashuka, kisha sisi wenyewe. Harufu ilishika kwenye nywele hata baada ya kuoga. Niliipenda. Mwaka mmoja mdogo wangu Mwanaisha alianza kubanwa na kifua. Alivuta pumzi kwa mlio mwembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta, mabega yakipanda. Mama aliogopa kwamba siku moja pumzi itatoka isirudi.

Kila mtu alikuwa na jibu. Muuza dawa wa Tononoka alimpa mama chupa ya dawa ya kikohozi kabla hajamaliza kueleza. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika kombe, aya kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa marashi. Mwanaisha akanywa, akalala vizuri, kisha Alhamisi ikaja akabanwa tena. Bibi alimshuku Bi Rukia, jirani yetu, aliyemsifu mtoto uzuri bila kusema mashallah. “Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema, akazidisha ubani. Nami nikaacha kumwamkia Bi Rukia. Nilipita nikitazama viatu vyangu. Mahamri aliyotuletea tuliyapokea kwa shukrani, na hatukuyala.

Jioni moja Bibi alimfunika Mwanaisha kwa kanga juu ya chetezo, na alipofunuliwa midomo yake ilikuwa ya kijivu. Bi Rukia alisikia kilio cha mama, akaingia bila hodi, akambeba Mwanaisha hadi barazani. “Mwacheni apate hewa, jamani. Mwamfukiza mtoto ama mwabanika samaki?” Polepole pumzi zikarudi. Bibi akaninong'oneza, “Umeona? Aliyefunga ndiye aliyefungua.” Nikaamini kabisa.

 Asubuhi mama alimpeleka Mwanaisha hospitali, nami nikafuata. Tabibu alikuwa mwanamke wa bara, na hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza mtoto hubanwa lini, tunapikia nini, chumba kina madirisha mangapi. Mama alijibu kwa mkato, kama anayehojiwa na askari. Kisha tabibu akauliza, “Na akibanwa, nyinyi nyumbani mwamfanyia nini?” Mama akaanza kueleza habari za chetezo. Akainua mkono wa buibui lake, akaunusa. Ilikuwa pumu, na moshi ndio uliokuwa ukiichochea.

Siku hizi Mwanaisha hatoki bila dawa yake ya kuvuta. Maduka ya dawa yamejaa mtaani, taa zao nyeupe kama mchana, na watu hutumiana tiba kwa simu kabla hata ya kujuliana hali. Siwaamini upesi. Kwa kuwa nina haya, husimama tu mbele ya meza ya muuza dawa, nikasubiri nione kama nitaulizwa chochote. Nikipewa dawa kabla ya swali, huaga nikatoka. Bibi bado hufukiza, lakini juu darini, peke yake. Juzi Bi Rukia alileta mahamri. Mimi na Mwanaisha tukayala yote. Bibi hakugusa hata moja. Alikaa akitutazama vifua mpaka tulipomaliza.