Nilipomwita Mzee Margwe Bepari

Mwanangu, ipo siku moja hapa Gendabi ambayo ningependa kuisahau, lakini haisahauliki. Nilikuwa msichana niliyetoka tu shule, nikiwasomea wanakijiji barua zao, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Redioni nilisikia watu wanaonyonya wenzao wakiitwa mabepari. Neno hilo lilinipendeza mdomoni.

Mzee Margwe ndiye aliyekuwa na mashine pekee ya kusaga. Mama alipougua mgongo, mzee huyo alitusagia mahindi msimu mzima bila kudai chochote. Lakini siku hiyo wageni walikuja kutoka wilayani, wakauliza mkutanoni ni nani anayerudisha kijiji nyuma. Nikasimama kabla sijaitwa, nikanyoosha kidole.

"Bepari wetu ni yule pale!"

Watu wakapiga makofi. Mzee akavua kofia, akanitazama bila hasira.

"Binti, unajua neno hilo limetoka wapi?"

Kidole changu kilikuwa bado kimemwelekea, naye akaendelea.

"Ujana wangu nilifanya kazi dukani kwa Mhindi, Arusha. Kwa lugha yao ni mfanyabiashara, basi. Limefika kwetu, limekuwa tusi. Na wewe umelipokea hivyo hivyo, hukuuliza."

Wakamzomea mpaka akakaa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilizomea pamoja nao.

Tangu hapo watoto walimfuata njiani wakimwimbia neno langu. Watu wakaona aibu kuonekana kwake. Akaifunga mashine, akahamia kwa binti yake Karatu. Sisi tukarudi kusaga kwa jiwe. Mama, ambaye mgongo wake haukuwa umepona, alisaga huku machozi yanamtoka, wala hakunilaumu. Bora angenichapa.

Miaka mingi ilipita ndipo nikapata ujasiri wa kwenda Karatu. Yule binti alinikaribisha chai, kisha akanionyesha kaburi.

"Alikuwa akikuulizia," akasema. "Alitaka kujua kama uliendelea na masomo."

Chai ile sikuweza kuimaliza.

Sasa ninyi mna maneno yenu kwenye simu. Mtu akimsifu kiongozi, mnamwita chawa. Chawa ni mdudu, mwanangu, na mdudu huyo huuawa kwa kucha. Kabla hujambandika mtu jina, uliza limetoka wapi, na uliza litamfikisha wapi. Ukishamkosea, nenda kwake mapema, usingoje ujasiri kama mimi. Mungu akupe ulimi mpole, na wale utakaowaumiza awaweke hai mpaka uwafikie.