Mama Alisema Asante

Siwapendi watu wanaolinganisha mashirika ya ndege. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji ajue mapema amekaa na mtu wa namna gani. Hapa Amerika, Minneapolis na Saint Paul, mazungumzo hayo huyakwepi. Ukialikwa pilau kitongoji cha Roseville, hujamaliza hata kuvua viatu mlangoni, tayari kuna mtu sebuleni anasimulia jinsi alivyofika Dar es Salaam bila miguu kuvimba. Wengine wanamsikiliza huku kila mmoja akisubiri zamu yake ya kumzidi.

Kuna dada mmoja Mkenya, muuguzi, anayeendesha gari kutoka Champlin mpaka Roseville ili mradi asikose mabishano haya. "Hiyo airline mimi siwezi ku-book tena," alisema siku moja. "Screen yangu ilikufa mapema tu, nika-complain, wakanipea blanket. Sasa blanket ni ya ku-watch?"

Mwenye nyumba, Mtanzania mwenzangu, mhandisi aliyekuja kusoma na hakurudi, alimsubiri amalize. Yeye ana kadi ya msafiri wa mara kwa mara na huitoa mfukoni hata pasipohusika. "Kaka," aliniambia mimi, kwa sababu alijua nilikuwa natafuta tiketi ya mama yangu, "hawa jamaa wanakupa kitambaa cha moto ufute uso. Cha moto! Hata ukikaa nyuma kabisa, karibu na choo. Huduma yao hakuna wa kuifikia."

Nilimkatia mama tiketi ya shirika la vitambaa vya moto.

Sikuwa namleta kutembea tu. Baba alikwishafariki, na mama alibaki peke yake Tanga kwenye nyumba yenye vyumba vingi. Mimi na mke wangu tulikwishapanga: aje kwetu Apple Valley akae kwa muda, azoee, na akikubali tuanze taratibu za kumhamishia kwetu moja kwa moja. Nilimpakia rangi chumba cha chini, nikamtafutia mkeka wa kuswalia. Kila nilipomuuliza kwenye simu kama atakubali kuhamia, alijibu, "Nifike kwanza, baba. Nikishafika nitajua." Basi safari ile ya kwanza ndiyo ilikuwa mtihani wetu.

Mama ana kisukari. Mimi nafanya kazi kwenye duka la dawa, hivyo nilimpa maelekezo ambayo huwa nawapa wateja: wakileta chakula, meza kidonge cha kushusha sukari, kisha kula. Alinirudishia maneno yangu neno kwa neno, kama alivyotufundisha sisi Kurani.

Siku aliyofika nilisimama pale abiria wanapotokea, na maua, mimi ambaye sijawahi kununua maua. Alitoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Jasho lilikuwa limemlowesha ushungi mzima, na midomo ilikuwa inatetemeka. Nikamwamkia shikamoo. Akaniitikia kwa jina la marehemu baba.

Hapo hapo nilijua ni sukari, imeshuka. Niliyatupa maua sakafuni, nikakimbilia kibanda cha vinywaji na kuchukua juisi ya machungwa, nikaanza kumnywesha kidogo kidogo, huku kijana aliyekuwa anasukuma kiti akiniuliza kama aite watu wa huduma ya kwanza. Nilimfokea aite. Walipofika, mama alikuwa ameanza kunitambua. Wakampima, wakampa cha kula, wakatuambia tukae palepale mpaka arudi sawa.

"Mama, hukula kwenye ndege?"

"Waliniuliza," alisema. "Nikasema asante. Hawakurudi."

Msomaji wa Tanga haelezwi sentensi hiyo. Wengine nitawaeleza. Kwetu mgeni akikaribishwa chakula hanyooshi mkono. Anaweka kiganja kifuani anasema, "Asante." Maana yake si kwamba hataki, na si kwamba anataka. Maana yake ni kwamba amelelewa. Mwenyeji naye, kama amelelewa, anajibu, "Jamani, karibu, angalau uonje." Mgeni anasema amekula alikotoka. Mwenyeji anasema, "Aa, huko ni huko, hapa ni hapa." Wanakwenda hivyo mpaka mgeni anasogea mkekani akinung'unika kwamba wamemlazimisha, na kila mtu pale anajua tangu mwanzo kwamba ana njaa. Mama amefanya hivyo maisha yake yote. Hakuna siku aliyokufa njaa kwa sababu hiyo, maana hakuwahi kuangukia kwa watu wasio na adabu.

Sasa angalia. Kitoroli cha chakula kilipofika, alimeza kidonge, kama nilivyomwelekeza. Mhudumu akamuuliza. Akaweka kiganja kifuani, akasema asante, akakaa kusubiri abembelezwe. Mhudumu akatabasamu akamuuliza wa pembeni. Ndege ya pili, aliyounganishia njiani, vilevile. Tende alizokuwa nazo kwenye mkoba zilikuwa zimekwisha. Kuomba chakula kwa mdomo wake, mama yangu hawezi, hata umtishie nini. Kitambaa cha moto walimpa. Kile walimwekea mkononi bila kumuuliza.

Nililiandikia shirika. Sikuandika kwa upole. Wakanijibu kwa lugha laini inayonitia kichefuchefu mpaka leo, kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha abiria alipewa huduma zote kwa mujibu wa taratibu, na kwamba chakula alikikataa kwa hiari yake. Kwa hiari yake! Mwisho wakaniomba niwape nyota, kuanzia moja mpaka tano, kwa jinsi walivyoshughulikia malalamiko yangu.

Lakini hasira yangu kubwa ilikuwa Roseville. Niliwasimulia habari hii nikitegemea angalau mtu mmoja apige meza. Mwenye nyumba alisikiliza, akajikuna kidevu. "Sasa kaka, si angesema yes? Watu mia tatu mle ndani, mhudumu atambembeleza nani amwache nani?" Dada wa Champlin akadakia, "Actually mimi food yao haijawahi nisumbua. Chicken yao iko sawa." Na wakarudi kwenye kuku. Mtu huyohuyo mwenye kadi, nimemwona kwa macho yangu, nyumbani kwa wakwe zake Dar, akikaa na njaa mbele ya sinia la biriani mpaka abembelezwe kama bwana harusi. Nikamkumbusha. Akacheka, akasema huko ni huko. Nilichukua koti langu nikaondoka, na pilau lao sikuligusa.

Mama alikaa nasi majira yote ya mapukutiko. Sitayasimulia sana. Alikuwa mpole, hakulalamika chochote, aliwasuka wajukuu, akawasemesha Kiswahili nao wakamjibu Kiingereza. Mke wangu ni muuguzi wa zamu, na mimi nina zamu zangu dukani, lakini friji haikukosa kitu. Nilipomuuliza habari ya kuhamia, alisema, "Tutaongea." Niliona ni dalili njema. Kama angekuwa hataki, nilijiambia, angekwishasema.

Wakati wa kurudi ulipofika sikumwamini mtu. Niliomba likizo nikasafiri naye mwenyewe, kwa lile shirika ambalo Roseville nzima inalidharau, lile la viti vilivyochakaa na kuchelewa. Nilikuwa na sababu yangu. Wahudumu wake wengi wanatoka kwenye nchi ambako watu wanajua kukaribisha. Nilitaka mama aone kwamba njia ya kuja kwetu inaweza kuwa na ubinadamu, ili tukifika Tanga anijibu.

Kitoroli kikaja. Mhudumu alikuwa dada wa makamo, sura ya mtu aliyelea wadogo zake. Nikafurahi. Akainama kwa heshima, akauliza kwa Kiingereza, kuku au samaki. Mama akaweka kiganja kifuani.

"Asante," akasema.

Yule dada akatabasamu, akasukuma kitoroli mbele.

Nilisimama. Nilimwambia, kwa sauti iliyofika mpaka pazia la daraja la kwanza, kwamba mama yangu hajakataa, kwamba mtu mzima haulizwi mara moja akapitwa, kwamba mama yake mwenyewe angeona aibu kumwona. Watu waligeuka. Mtoto mmoja akaanza kulia. Yule dada akaniomba radhi kwa sauti ndogo, akaweka trei mbele ya mama, ya kuku na ya samaki zote mbili.

Mama hakugusa. Alivuta ushungi mpaka karibu na macho.

"Kaa chini," aliniambia. "Umenifanya ombaomba."

"Mama, kula. Umeshameza kidonge."

"Sikumeza. Nimejifunza. Na tende ninazo nyingi safari hii." Alinionyesha mkoba. "Umemfokea nini yule binti? Ana abiria wote hawa. Mimi sikutarajia kitu kwake."

Nikamwambia nilitaka ajue kwamba si wote wako vile. Kwamba akija kuhamia nitamleta kwa njia nzuri, nitamfuata mwenyewe kila mara. Nilikuwa bado nahema. Nikamuuliza hapohapo, maana nilishachoka kusubiri tufike Tanga: atakuja au haji?

Aliziangalia zile trei.

"Mkeo ni mtoto mzuri," alisema. "Akirudi kazini ananiuliza, Mama, nikupashie chakula? Nasema asante. Anafunga friji, anakwenda kulala, kachoka. Wewe unaniuliza, Mama, tutoke kidogo? Nasema asante. Unachukua funguo unaondoka. Na wajukuu hivyohivyo. Sisemi ni ubaya. Tende hizi nilizinunua siku zilezile za mwanzo, nikawa naziweka chumbani, nazila njaa ikinizidi."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba angefungua friji mwenyewe, ni nyumba ya mwanawe, kwamba angesema tu. Maneno yalishanifika mdomoni, kwa Kiswahili, na yalikuwa yaleyale ya Roseville. Nikayameza.

"Sitahamia, baba," alisema. "Mimi ni mzee, siwezi kujifunza kuomba. Na nyinyi msiwalaumu watu wa ndege. Ndivyo mlivyo huko kwenu."

Alisema kwenu. Hakusema kule, hakusema Amerika. Wala hakusema kwa ukali. Kisha akaivuta trei ya samaki, akabandua karatasi ya juu taratibu, akasema bismillahi, na akaanza kula kwa sababu hakutaka yule dada akirudi akute chakula chake hakijaguswa.